Gari nyeusi, maji ya kisima na upepo wa bahari

"Assalamu alaykum fundi. Mimi ni mwalimu wa skuli, nakaa Jambiani, si mbali na pwani. Nina Toyota IST nyeusi niliyoinunua miaka miwili iliyopita, imetoka Japani, na ilikuwa iking'ara mpaka unajitazama uso. Sasa imejaa madoa meupe ya mviringo ambayo sabuni haiyatoi. Jua likiipiga naona mikwaruzo midogo midogo kama utando wa buibui, na paa limeanza kufifia. Naiosha mwenyewe nyumbani kwa maji ya kisima. Kijana anayeosha gari njiani kaniambia niwe napiga kompaundi kila mwezi, na kopo kaniuzia. Mama yangu analima mwani, mara nyengine namchukulia magunia kwenye buti. Nifanye nini mwenyewe? Mashine sina."

Waalaykumu salaam, Mwalimu. Hilo kopo la kompaundi liweke kabatini, usilifungue. Nimepuliza rangi na kupiga polishi gari za watu hapa Unguja miaka mingi, na gari nyingi ninazoletewa zikiwa zimechakaa rangi, kilichozichakaza ni kitambaa na mkono wa mwenyewe kuliko jua. Mtu anaipenda gari yake, anaifuta kila asubuhi ikiwa kavu ina vumbi, mwisho wa mwezi anaisugua kwa kompaundi ili afute alama za kule kufuta. Mwaka wa tatu ananiita nikapulize boneti.

Nikueleze kwanza unachokisugua ni kitu gani. Juu ya bati la gari iliyotoka kiwandani kuna tabaka la kuzuia kutu, juu yake praima, yaani rangi ya msingi, juu yake rangi yenyewe, na juu kabisa, kwenye gari nyingi, tabaka lisilo na rangi ambalo mafundi tunaliita klia. Vyote kwa pamoja ni kama mikroni 100 hadi 150, na mikroni 1000 ndiyo milimita moja. Klia peke yake ni kama mikroni 40 hadi 50, nyembamba kuliko unywele wa kichwani. Hiyo klia ndiyo inayong'ara, na ndani yake mna dawa ya kuzuia miale ya jua isiifikie rangi. Kompaundi kazi yake ni kuila: ni uji wenye chembe za kukwaruza, msasa uliolainishwa. Hebu piga hesabu kama unavyowafundisha watoto. Hata tukisema kila mwezi inakula mikroni mbili tu, kwa mwaka mmoja umeondoa 24, nusu ya klia yako, na klia iliyopungua nusu haistahimili jua letu. Hukauka, ikapauka, kisha ikaanza kubanduka maganda. Ikifika hapo hakuna chupa ya dukani itakayokusaidia.

Kwa hiyo klia ni mtaji. Kila unapopiga polishi unatoa kidogo katika mtaji, na mara nyengine inafaa kutoa. Kuosha vizuri na kupaka nta hakutoi kitu. Mambo yote nitakayokwambia hapa yamesimama juu ya hilo.

Sasa gari yako, kwa jinsi ulivyoieleza, ina maradhi matatu, na kila moja lina dawa yake. Kijana wa njiani amekupa dawa moja ya yote.

Madoa ya mviringo ni chokaa. Kisiwa chetu ni jiwe la matumbawe, mvua inapita ndani ya jiwe hilo kabla ya kufika kisimani, na kila tone linatoka na chokaa iliyoyeyuka. Ndiyo ile ile inayoganda chini ya birika lako la chai. Ukiosha gari halafu ukaiacha ikauke yenyewe, maji yanakauka, chokaa inabaki, na kwenye gari nyeusi iliyopata jua inaganda kwa dakika chache. Visima vya karibu na bahari huwa vina na chumvi pia, lakini chumvi ni nyepesi kuiondoa: mwagia maji tu, inayeyuka tena. Chokaa ikishaganda haiyeyuki tena kwa maji wala sabuni. Inataka tindikali kidogo.

Dawa yake unayo jikoni. Chukua siki nyeupe, changanya nusu kwa nusu na maji, chovya kitambaa laini, kilaze juu ya madoa dakika mbili tatu, gari ikiwa kivulini na bati likiwa baridi. Usisugue. Iache siki ifanye kazi, kisha futa taratibu na umwagie maji mengi. Rudia mara moja ikibidi. Ndimu inafanya kazi hiyo hiyo lakini ina sukari na nyama nyama, siki ni safi zaidi. Nakuomba sana usije ukatumia dawa ya kusafishia choo wala maji ya betri, hata akikushauri nani. Nimeona mlango wa gari uliopakwa dawa ya choo ili kutoa madoa: yalitoka, na klia ikageuka nyeupe kama maziwa. Ikiwa baada ya siki bado unaona duara hafifu mahali pa doa, ujue chokaa imeshatoka ila imeacha kishimo kwenye klia, na hapo ndipo polishi laini inapokuwa na haki yake. Tutafika huko.

Utando wa buibui ni mikwaruzo ya kufutia. Iangalie vizuri jua likiwa juu: utaona kama inazunguka lile duara la mwanga. Kwa kweli mikwaruzo imekwenda kila upande, ila ile inayokatiza mwanga ndiyo inayoonekana. Chanzo chake ni vumbi la njiani na mchanga wa pwani uliokokotwa juu ya klia kwa kitambaa, sponji, au dodoki. Dodoki ni zuri mwilini. Kwenye gari ni msasa, na kumbi la nazi ndiyo zaidi. Sponji ina shida yake peke yake: uso wake ni bapa, chembe ya mchanga ikinasa haina pa kujificha, inazungushwa gari nzima.

Paa lililofifia ni jua. Lakini kufifia kuna aina mbili, na lazima uzitofautishe kabla hujanunua chochote. Limwagie paa maji. Likilowa likarudi kuwa jeusi linalong'ara, na ukilipitishia kidole huhisi kingo wala maganda, basi uso wake umechakaa tu na polishi inaweza kuurudisha kwa kiasi. Ukiona mabaka yenye ukingo, kama ngozi inayobanduka baada ya kuungua na jua, klia imeshakufa. Hapo usisugue, utaongeza mabaka. Paa hilo ni la fundi rangi, lipigwe msasa na kupulizwa upya, na wewe ushughulike na sehemu nyengine za gari.

Kuna jambo moja jengine la kuangalia, na wengi hawalijui. Fungua boneti, tafuta kibao cha chuma cha Toyota (kwenye gari nyengine kipo kwenye nguzo ya mlango wa dereva). Palipoandikwa C/TR, herufi au namba tatu za mwanzo ndizo za rangi. Ukikuta 202, hiyo ni nyeusi tupu ya Toyota, na mara nyingi hupulizwa bila klia juu yake. Ukikuta 209, hiyo ni nyeusi yenye chembe zinazometameta, nayo ina klia. Utathibitisha siku ya polishi: kitambaa kikigeuka cheusi, unaifuta rangi yenyewe, hakuna klia. Usishtuke, ndivyo zilivyo. Ila ujue kwamba kila weusi unaouona kwenye kitambaa ni rangi iliyotoka kwenye gari na hairudi, basi punguza mkono.

Sasa kuosha. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ukijua kuosha, haya mengine utayahitaji mara chache mno.

Osha asubuhi mapema au jioni, gari ikiwa kivulini. Weka kiganja juu ya boneti: ikiwa ya moto, ngoja. Kwanza mwagia maji tu, kuanzia paani kushuka chini, bila kuigusa kwa kitu chochote. Kama una mpira wa maji, vizuri. Kama huna, ndoo na kata vinatosha, mradi maji yamiminike mengi na yashuke. Kazi ya maji haya ni kuondoa mchanga na kuyeyusha chumvi. Ukiruka hatua hii, kila utakachofanya baadaye kitakwaruza.

Kisha andaa ndoo mbili. Moja ina maji na shampuu ya gari, ya pili maji matupu. Chovya kitambaa kwenye sabuni, osha sehemu ndogo, kisuuze kwenye ndoo ya maji matupu, kikamue, ndipo urudi kwenye sabuni. Ukimaliza gari tazama chini ya ile ndoo ya kusuuzia: mchanga utakaouona pale ndio ambao miaka miwili ulikuwa ukiuzungusha juu ya gari yako. Kitambaa kiwe cha maikrofaiba, kile chenye manyoya laini, kwa sababu chembe hujizika ndani ya manyoya badala ya kukaa juu. Nunua kama vinne. Kimoja cha juu ya gari, kimoja cha chini, kimoja cha taili na rimu ambacho hakitakanyaga rangi maisha yake yote, na kimoja kikubwa cha kukaushia. Nenda kwa mistari iliyonyooka, usizungushe mkono. Anza paa, vioo, boneti, milango nusu ya juu, halafu chini. Kitambaa kikianguka mchangani kiweke pembeni mpaka ukakifue. Usijidanganye kwamba umekikung'uta.

Sabuni ya unga usiitumie. Ni kali, inaondoa nta yote, na punje ambazo hazijayeyuka zinakwaruza. Sabuni ya maji ya kuoshea vyombo nayo inaondoa nta, kwa hiyo si ya kila wiki, lakini siku unayotaka kupiga polishi na kupaka nta mpya itakufaa, maana siku hiyo unataka ile nta kuukuu itoke.

Suuza sehemu moja moja kabla sabuni haijakauka. Na hapa ndipo maji yako ya kisima yanapohitaji akili. Maji ya mvua hayana chokaa. Kama nyumba yako ina bati na mfereji, wakati wa masika na vuli kinga pipa moja uliweke kwa ajili ya gari. Iache mvua ya mwanzo ioshe bati kwanza, kinga inayofuata. Osha kwa maji ya kisima upendavyo, lakini suuza la mwisho liwe la maji ya mvua. Lita 15 zinatosha kabisa kwa gari ndogo kama IST ukiyamimina taratibu kutoka paani. Mafundi wa nje wananunua mitambo ya kuchujia chokaa, nasi mvua inatushukia bure.

Halafu kausha mara moja. Usiache tone. Kitambaa kikubwa kilaze juu ya bati, kivute taratibu kuelekea kwako, kinywe maji. Kanga kuukuu iliyofuliwa mara nyingi inafaa kukaushia gari ikiwa imeshakuwa safi, mradi ukate pindo, maana uzi wa pindo ni mgumu. Lakini kanga hiyo hiyo, hata iwe laini vipi, ikipita juu ya vumbi kavu inakwaruza kama kitu chengine chochote.

Kwa mtu wa Jambiani chini ya gari ni muhimu kuliko boneti. Pwani yenu iko kusini mashariki ya Unguja, na upepo wa kusi ukianza unawaletea manyunyu ya chumvi ya bahari uso kwa uso. Chumvi ile inavuta unyevu, hata usiku wa kiangazi haikauki sawasawa, na unyevu wenye chumvi ndio unaokula bati. Miezi ya kusi mwagia gari maji matupu mara mbili kwa wiki hata kama huna nafasi ya kuiosha: ndani ya matundu ya taili, chini ya milango, chini ya bampa. Tazama ukingo wa chini wa kila mlango, pana vitundu vidogo vya kutolea maji. Vikizibwa na udongo, mlango unakaa na maji ya chumvi ndani, na kutu inaanzia mahali usipopaona. Vizibue kwa kijiti.

Na magunia ya mwani, Mwalimu. Mchukulie mama, hilo halina mjadala. Ila tandika turubai zito buti nzima mpaka lipande juu ya ukingo na kushuka kwenye bampa, kwa sababu gunia likiburutwa linakwaruza pale pale na maji yake ni ya bahari. Ukifika nyumbani mwagia ukingo wa buti maji matamu, inua na zulia utazame chini yake, mahali pa taili la akiba. Buti nyingi za pwani huoza hapo, na mwenyewe anakuja kujua siku ya pancha.

Vitu vinavyoanguka juu ya gari nitavipitia haraka. Kinyesi cha kunguru usikikwangue. Kina tindikali na mbegu na changarawe. Laza juu yake kitambaa kilicholowa dakika kumi, kilainike, kisha kinyanyue. Lakini fanya siku ile ile, kwenye gari nyeusi juani saa chache zinatosha kuacha alama isiyofutika. Utomvu wa mwembe unalainika kwa spiriti kidogo kwenye kitambaa, na lami kwa mafuta ya taa kidogo, kisha osha mahali hapo kwa sabuni na upake nta tena. Mafuta ya breki yakimwagika usifute. Mwagia maji mengi hapo hapo, yanakula rangi mpaka praima.

Sasa polishi. Baada ya kuosha na kutoa chokaa, vaa karatasi laini ya plastiki mkononi, kama ile ya kufungia mkate, upitishe vidole juu ya boneti. Mkono mtupu haukuambii kitu, lakini kwa karatasi utahisi vichembe kama unga wa sembe. Hivyo vimenasa kwenye klia, na vipo vidongo maalumu vya kuvitoa, laini kama udongo wa kufinyangia wa watoto, vinavyotelezeshwa juu ya bati lililolowa sabuni. Ukikipata kimoja kwenye maduka ya vipuri mjini, kitumie kabla ya polishi. Kikianguka chini kitupe.

Ukucha ndio kipimo chako cha mikwaruzo. Upitishe kukatiza mkwaruzo: usiponasa, polishi inaweza kuupunguza. Ukinasa, kina chake ni kirefu kuliko unachoruhusiwa kuondoa, uache ulivyo. Nunua polishi laini, ya kumalizia, chupa ambayo haikuandikwa kwamba inatoa mikwaruzo yenye kina kirefu. Anza kwenye kipande kidogo mahali pasipoonekana sana, tuseme chini ya mlango wa nyuma. Eneo liwe kama sentimita 40 kwa 40, polishi kiasi cha punje mbili za karanga kwenye kitambaa, mkono wa wastani, mistari inayopandana, kwenda na kurudi halafu juu na chini, kwa dakika tatu au nne. Futa kwa kitambaa kingine safi. Tazama. Ukiridhika, ndipo uhamie boneti. Gari nzima kwa mkono ni kazi ya siku mbili. Gawa, boneti na paa leo, ubavu Jumapili.

Kwa mkono hutoi mikwaruzo yote, na nisingependa utoe yote. Ikipungua nusu, gari nyeusi itabadilika kabisa machoni, na klia yako itabaki. Nakusihi ujihadhari na kingo: mahali boneti inapokunjana, ukingo wa mlango, mstari uliopanda kwenye ubavu. Pale rangi iko nyembamba kuliko kwengine kote. Nilipokuwa naanza kazi hii niliitoboa klia kwenye mkunjo wa boneti ya gari ya kijani ya mtu aliyeniamini, kwa mashine ya kuzunguka, kwa kitambo kifupi cha kutoangalia. Nililipia boneti nzima kupulizwa upya, na tangu siku hiyo kila mkunjo naubandika utepe wa karatasi kabla sijaugusa. Fanya hivyo na wewe. Ukimpa fundi kazi hii siku moja, muulize mashine yake: ile inayozunguka huku ikitikisika pembeni ni salama zaidi kuliko ile inayozunguka tu moja kwa moja, na fundi anayebandika utepe kingo anajua anachokifanya.

Polishi hiyo ni mara moja kwa mwaka, masika yakishapita. Mwaka ambao gari haihitaji, usiipige.

Polishi ikimaliza, rangi iko uchi, na siku hiyo hiyo ipake ulinzi. Watu wanachanganya vitu hivi dukani kwa sababu chupa zote zimeandikwa kung'arisha. Polishi inaondoa, nta inaongeza. Nta ya asili inayosifiwa ni ya karnauba, inatoka kwenye majani ya mti wa jamii ya minazi unaoota Brazili, na mti wenyewe huitoa ili majani yasikaushwe na jua. Ni nzuri, inaupa weusi kina cha kupendeza, lakini kwenye gari nyeusi inayolala juani pwani huisha ndani ya wiki kadhaa. Kwa hali yako ningechagua ulinzi wa kutengenezwa kiwandani, unaodumu miezi. Paka tabaka jembamba mpaka unadhani hujapaka kitu, ngoja kama chupa inavyosema, futa. Tabaka nene halilindi zaidi, linakuchosha kulifuta tu. Usipitishe kwenye plastiki nyeusi za bampa na vioo, zitabaki na weupe. Kipimo cha kujua imeisha ni maji: yakisimama kama lulu na kukimbia, ipo. Yakilala bapa, rudia. Ukipaka kila baada ya miezi mitatu utakuwa salama, na madoa ya chokaa yatashika kwa shida.

Usipake mafuta ya nazi, dizeli wala mafuta ya kujipaka. Najua watu wanafanya, na gari inameta saa mbili. Baada ya hapo kila vumbi la njia ya Jambiani linaganda juu yake, unalifuta, unarudi kwenye utando wa buibui, na dizeli inalainisha mipira ya milango mpaka inavimba. Ile rangi ya kauri inayouzwa kwa bei kubwa, yenye silika, ni kitu cha kweli na inadumu kuliko nta, lakini inataka klia iliyotayarishwa kikamilifu na sehemu yenye paa isiyo na vumbi mpaka ikauke. Ukiipaka juu ya mikwaruzo umeifungia mikwaruzo ndani. Kwa uani pa wazi, iache.

Kuhusu kuegesha, banda la makuti ndilo bora kwako kuliko kifuniko cha kitambaa. Kifuniko kikipigwa na kusi kinapepea juu ya vumbi usiku kucha, na asubuhi unakuta alama kwenye kona zote. Chini ya mkungu na mwembe gari inapata kivuli, utomvu na kunguru kwa pamoja. Chini ya mnazi usiegeshe kabisa, dafu moja likianguka polishi si tatizo lako tena.

La mwisho ni vidonda vya mawe mbele ya boneti. Hukuvitaja, lakini kwa safari za Jambiani na mjini lazima vipo. Kila kidonda kilichofika kwenye bati ni mlango wa chumvi. Nunua kichupa kidogo cha rangi kwa namba uliyoisoma kwenye kibao. Safisha kidonda kwa spiriti, kikauke, chovya ncha ya kijiti cha meno, tone moja, acha, kesho yake tone la pili. Kikiwa kimeshaanza kuwa na kutu ya hudhurungi, kwangua kutu yote kwanza kwa ncha ya msasa mpaka uone chuma kinachong'ara, kisha tone la praima kabla ya rangi. Fanya hivyo wiki hii, kabla hata ya kuhangaika na madoa. Madoa yatakungoja, kutu haitakungoja. Na matokeo ya lile jaribio la maji paani niandikie, kama ni maganda nikueleze la kumwambia fundi asije akakupulizia gari nzima kwa ajili ya paa.